Kilimi cha Swabir

Swabir alianza kukohoa siku ya Jumapili, na ilipofika Jumatano kila mtu aliyepita katika ua ule alikuwa amekwisha kuwa tabibu. Bibi yake alisema ni upepo. Shangazi aliyekuja kusalimia alisema ni jicho la mtu. Muuza samaki, ambaye hata baiskeli yake hakuiegesha, alisema mtoto apakwe mafuta ya taa kifuani, kisha akaenda zake. Aliyenyamaza alikuwa mmoja tu, mama yake, Mwanasha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimfuta kamasi na hakuwa na nafasi ya kubuni.

Mtoto mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Alikuwa ndiyo kwanza ajue kutembea, akianguka na kujiinua bila kulia. Hatua kumi kutoka mlango wa chumba alicholala, moto uliwaka tangu asubuhi mpaka alasiri. Ulikuwa msimu wa korosho. Bi Zainabu, mavyaa yake Mwanasha, alikuwa amepanga mafiga katikati ya ua, na juu yake karai kuukuu lililotobolewa matundu, akikaanga korosho za kuuzwa na mwanawe Alfani, mume wa Mwanasha, kwa watalii wa pwani ya Galu.

Aliyewahi kukaanga korosho anajua. Ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi ya vidole, na mafuta yale yakidondokea motoni hutoa moshi mweusi, mzito, unaokereketa koo. Ua mzima ulikohoa. Bi Zainabu alikohoa akigeuza karai, Alfani alikohoa akipakia pakiti, hata kuku walikuwa wamehamia kwa jirani. Lakini kikohozi kilichoitwa ugonjwa kilikuwa kimoja tu, cha mtoto. Vingine vyote viliitwa kazi.

Jumwa, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja Jumatano hiyo na begi lake la buluu mgongoni. Alimpandisha Swabir shati, akaweka simu yake mkekani na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, midomo ikimcheza.

"Thelathini na mbili," alisema. "Hizo ni sawa. Kwa umri wake zikifika arobaini usinisubiri mimi, panda pikipiki uende hospitali. Au ukiona hapa chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi. Au akikataa kunyonya, au akalegea hata haamki vizuri. Umenisikia, Mama Swabir?"

"Nimesikia. Na hiki kikohozi chenyewe?"

"Ni mafua. Hicho kikohozi kinamtolea makohozi, usikifanye adui. Chemsha maji ya gilasi moja, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, yaache yapoe. Mtie matone mawili mawili puani kabla ya kumnyonyesha, umfute. Mnyonyeshe kila atakapo. Amepita mwaka, kwa hiyo asali nusu kijiko anaruhusiwa wakati wa kulala. Angekuwa hajafika mwaka ningekukataza hata kumlambisha. Na dawa za kikohozi za dukani usimpe."

Kisha Jumwa alitazama ua, akakunja pua. "Na moshi ule, mtoto awe mbali nao."

"Mbali wapi, Jumwa? Nyumba ni vyumba viwili."

"Basi moto ndio uwe mbali."

Bi Zainabu alikuwa amesikia kila neno, maana masikio yake hayakuwa na kasoro. Aligeuza karai, akakohoa, akasema bila kuinua kichwa, "Tuzime moto, tule chumvi."

Jumwa aliandika katika daftari lake, akaaga kwa heshima na kwenda nyumba nyingine. Alikuwa na nyumba nyingi za kuzungukia siku hiyo, na katika nyingi kati yake alikuwa akichekwa vivyo hivyo.

*

Mwanasha alifanya kama alivyoambiwa. Alichemsha maji, akapima chumvi, akadondosha matone huku mtoto akimpiga mateke ya tumbo. Alimlalisha kichwa kikiwa kimeinuka kidogo kifuani pake. Alihesabu pumzi asubuhi na jioni: thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini. Mtoto alinyonya vizuri. Alhamisi aliamka akicheka, akamvuta paka mkia.

Ndipo Mwanasha alipoligundua jambo ambalo kipofu angeligundua. Asubuhi, kabla moto haujawashwa, Swabir hakukohoa. Saa tatu karai lilipanda mafigani, na saa tatu na robo mtoto alikuwa amejikunja, macho mekundu, akikohoa mpaka anatapika maziwa.

Alimngoja mumewe arudi, akamweleza taratibu, sauti ya chini, ili mama mtu asione anashitakiwa.

"Mwezi huu hoteli zina wageni," Alfani alisema. "Nikizima moto nitauza nini? Niwauzie mchanga?"

"Sikusema uzime. Hamisha mafiga, uyaweke kule mwisho wa shamba, upande usikotoka upepo. Nitabeba mimi. Mafiga ni mawe matatu tu, Alfani."

Mawe matatu. Nawaomba mnaosoma mlikumbuke hilo, kwa sababu yote yaliyofuata yangeepukwa kwa mawe matatu na mwendo wa dakika tano. Bi Zainabu alijibu kutoka uani, ingawa hakuna aliyemwuliza.

"Mimi nikae kichakani peke yangu kama mwendawazimu, nichunge korosho. Mavyaa yangu nilimkuta akikaanga hapa hapa, na mwanangu huyo alikulia katika moshi huu huu. Mbona hakufa?"

Alfani alitaka kujibu, akashikwa na kikohozi, akaondoka.

Ijumaa, baada ya swala, alirudi kutoka Ukunda na chupa ya dawa nyekundu, ameifunga katika gazeti kama zawadi. Alimkabidhi mamake, si mkewe. Bi Zainabu alikuwa amekwisha kuijaza kijikoni aliposimama Mwanasha na kuichukua ile chupa.

"Hapa pameandikwa," alisema, akamwonyesha mumewe kwa kidole kilichobabuka kwa mafuta ya korosho. "Asipewe mtoto aliye chini ya miaka sita. Soma."

Alfani alisoma. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, na maandishi yale hayakuwa magumu. Kilichokuwa kigumu ni kusomeshwa na mke mbele ya mama. Masikio yalimwiva. Mwanasha aliimwaga dawa mchangani, na ile ya kijikoni pia, akarudisha chupa tupu mezani.

"Umeona?" Bi Zainabu alimwambia mwanawe. "Mkaza mwanangu ni daktari sasa. Anamwaga dawa, anatutilia mtoto maji ya bahari puani. Na mtoto bado anakohoa." Alimwita Swabir, akambana mashavu, akamchungulia kinywani kwa mwanga wa mlangoni. "Haya. Si nilisema? Kilimi kimeshuka. Kimelala juu ya ulimi, ndicho kinachomkera."

Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Mungu amempa kila mtu chake, na vijijini kwetu kila mtoto akikohoa, kilimi ndicho hushitakiwa, huhukumiwa na kukatwa, siku hiyo hiyo, kwa kisu.

"Hakatwi," Mwanasha alisema.

"Nani amesema atakatwa? Fundi Jaafar atakuja kumtazama tu."

"Fundi Jaafar hajapata kutazama akaondoka. Hakatwi, Mama. Nakuheshimu, lakini mwanangu hakatwi."

"Mwanao? Ulikuja naye huku kutoka kwenu?"

Mwanasha alimtazama mumewe, akingoja aseme neno. Alfani alikuwa akilikunja lile gazeti, akilipanga pembe kwa pembe, kwa makini sana.

"Tutazungumza," alisema hatimaye.

*

Jumamosi asubuhi Alfani aliamka mpole. Alichota maji mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu harusi, akamwambia mkewe kuna gunia la korosho Kikoneni kwa yule mama wa kila siku. Yeye asingeweza kwenda, alisema, maana alikuwa na watu wa kuonana nao. Pikipiki ilikuwa imekwisha kuitwa.

"Nitakwenda na Swabir mgongoni," Mwanasha alisema.

"Mwache," Bi Zainabu alisema kwa sauti laini. "Vumbi la njia litamzidishia kikohozi."

Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile Bi Zainabu kukumbuka kwamba mtoto ana mapafu. Hilo tu lingetosha kumshtua Mwanasha, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hufurahia upole bila kuukagua. Aliona moto haujawashwa, akadhani pengine wamemsikia. Alimnyonyesha mtoto mpaka akashiba, akamtia matone, akaondoka.

Kikoneni alimkuta yule mama barazani akipukuchua mahindi. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Mwanasha alipotaja gunia, yule mama aliacha mikono.

"Gunia gani, mwanangu? Baba Swabir alilichukua mwenyewe Alhamisi. Alilifungia hapa hapa kwenye pikipiki."

Mwanasha hakuketi. Aliletewa maji, akayashika, akayarudisha bila kunywa. Alikuwa akimwona Alfani akichota maji asubuhi, ndoo hii, ndoo ile, na aibu ilimpanda usoni kwa namna alivyokuwa amemshukuru.

"Twende," alimwambia kijana wa pikipiki.

"Wapi tena?"

"Nilikotoka. Na usisimame popote."

Njia nzima hakulia. Hasira yake ilikuwa imepita pale pa kulia. Alihesabu tu, bila kujua anahesabu nini, mpaka arobaini, kisha akaanza tena.

*

Moto ulikuwa umewashwa. Bi Zainabu alikuwa kwenye karai kama kawaida, na moshi umetanda ua mzima. Upande wa pili, chini ya upenu, Fundi Jaafar alikuwa ameketi juu ya kigoda na mkoba wake wa ngozi wazi miguuni. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu safi, kofia ya kufuma. Mbele yake, mapajani mwa Alfani, alikuwa Swabir, mikono imebanwa, kichwa kimelazwa nyuma. Jaafar alikuwa amemwingiza mpini wa kijiko cha chai kinywani, kumkandamiza ulimi. Mkono wake wa kulia ulishika kisu chembamba, ncha imepinda, na ncha ile ilikuwa mbele ya meno ya mtoto.

Mwanasha alitaka kuruka. Akajizuia, kwa sababu alikiona kisu kilipo, akajua kwamba akimvuta mtoto kitamwingia. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alitembea polepole, akasema, "Asalamu aleikum," akapiga magoti mchangani kando ya mumewe, akapanua kinywa chake.

Jaafar alisita. "Waaleikum salaam. Nini, mama?"

"Anza na mimi," Mwanasha alisema. "Nami nakohoa. Kata changu kwanza."

"Mwanasha," Alfani alisema, "usitutie aibu."

"Aibu gani? Nimekuja kwa fundi kama mgonjwa mwingine. Nakohoa tangu msimu uanze. Mama naye anakohoa, msikieni." Na kweli, Bi Zainabu alikuwa amejiinamia kwenye karai akikohoa, leso kinywani. "Yeye ndiye mkubwa, akatwe wa kwanza basi. Kisha mimi. Kisha huyu kijana wa pikipiki hapo mlangoni, ameingia sasa hivi tu na ameshaanza."

Kijana wa pikipiki, ambaye kwa hakika alikuwa akikohoa, alirudi nyuma hatua mbili.

Jaafar alicheka kidogo, kicheko cha kazini. Lakini aliondoa kisu kinywani mwa mtoto, akakiweka juu ya goti, na hilo ndilo Mwanasha alilokuwa akilingoja. "Vilimi vya watu wazima havina neno, mama. Ni vya watoto ndivyo hukua vikaziba koo. Nikimkata huyu, kikohozi hatakijua tena maishani mwake. Kazi hii nimeirithi kwa baba. Muulize mumeo, yeye tulimkata sisi."

"Alfani mlimkata?"

"Marehemu baba alimkata. Akiwa na miezi saba."

Mwanasha alimgeukia mumewe. "Fungua kinywa."

"Wee mwanamke."

"Fungua kinywa, Alfani. Mwanao umemfungua kwa nguvu. Wewe fungua kwa hiari."

Watu walikuwa wameanza kujikusanya penye ua wa makuti. Alfani alitazama huku na huku, akataka kusema neno zito la kiume, na ndipo moshi ulipogeuka na kumpiga usoni. Alikohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, mdomo wazi, akiwa bado amemshika mtoto, na kila aliyesimama karibu aliona mpaka nyuma ya koo lake. Hapakuwa na kitu kinachoning'inia. Palikuwa laini, na kovu jeupe.

"Huyo hapo," Mwanasha alisema. "Hatakijua tena kikohozi maishani mwake." Alimchukua Swabir kutoka mapajani mwa baba yake, na Alfani hakuwa na pumzi ya kumzuia.

Hapo Bi Zainabu alipandwa na hasira. Alikuja kutoka motoni na upawa mkononi, uso umejaa masizi. "Unamchezea mume mbele ya watu? Unamfanyia fundi dhihaka, mtu wa watu, ambaye baba yake amewatibu wanangu? Mimi nimempelekea watoto sita, mimi. Wote sita aliwakata kwa mkono wake, na hakuna mama aliyeinua sauti!"

"Sita, Mama?" Mwanasha aliuliza.

"Sita."

"Huu ni mwaka wangu wa nne katika nyumba hii. Mashemeji zangu nawajua, mawifi nawajua. Na Alfani, jumla yao ni watano."

Alikuwa ameuliza kwa hasira, akitaka kushinda tu. Hakujua alichouliza. Alfani mwenyewe alimtazama mamake kwa mshangao, maana naye maisha yake yote alijua wako watano.

Bi Zainabu alisimama na upawa wake. Korosho zilikuwa zikiungua nyuma yake, naye hakugeuka.

"Feisal," alisema. "Alikuwa kabla ya Alfani." Alijifuta mdomo kwa leso, akaifuta tena leso kwa vidole. "Alikatwa alasiri. Damu ikakataa kusimama. Tukaambiwa tumpe maji baridi, tukampa. Tukaambiwa tumlalishe kifudifudi, tukamlalisha. Alfajiri babake alikwenda kununua sanda. Nikaambiwa siku zake zimefika, nami nikasema ndiyo, zimefika. Nimesema hivyo miaka thelathini na nne."

Jaafar alikuwa akiutazama mkoba wake miguuni.

"Miezi minane," Bi Zainabu alisema. "Alikuwa anakohoa tu."

Msidhani alilia. Alimtazama Jaafar kwa muda mrefu, mtoto wa yule mkataji, mwenye kanzu safi, na katika macho yake palikuwa na kitu kilichomfanya Jaafar aanze kukusanya vyombo vyake. Kisha alirudi kwenye moto, akateka mchanga kwa mikono yake miwili, akaumwagia karai zima, korosho na yote, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka moshi ukafa. Alfani aliinama kuokota korosho.

"Chukua haya mawe," mamake alimwambia. "Kule mwisho wa shamba. Yakiwa na moto hivyo hivyo chukua."

*

Jaafar alifuta kisu chake ambacho hakikuwa na damu, akakiviringisha katika kitambaa, akafunga mkoba. Hakuomba radhi, na kama alifikiri jambo lolote kuhusu mtoto wa miaka thelathini na nne iliyopita, halikuonekana usoni pake.

"Mimi simlazimishi mtu," alisema akisimama. "Wanaonitaka wapo. Twaiba hapo ng'ambo ameniita tangu jana. Mwanawe naye anakohoa."

Alivuka njia, kanzu yake ikipeperuka, akaelekea nyumba ya Twaiba, ambapo pia msimu huu walikuwa wakikaanga korosho, na moshi ulikuwa ukipanda juu ya paa.

Mwanasha alisimama na mwanawe begani. Hewa ilikuwa inaanza kusafika. Swabir alikohoa mara moja, akapiga chafya, akakishika kipuli cha mamake na kukivuta. Angeweza kukaa pale, akamnyonyesha, akashukuru. Yeye alikuwa amepata lake. Lakini hasira ile, aliyopanda nayo pikipiki kutoka Kikoneni, haikuwa imekwisha. Alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, akaikaza mara mbili.

"Unakwenda wapi?" Alfani aliuliza, amebeba jiwe la kwanza kwa magunia mawili, linamwunguza.

"Kwa mgonjwa," alisema.

Jaafar alikuwa amekwisha fika mlangoni kwa Twaiba. Alipiga hodi, akarekebisha kofia yake. Nyuma yake ikapigwa hodi ya pili, naye alipogeuka alimwona Mwanasha, mtoto mgongoni, amesimama karibu kiasi cha kumkanyaga kanzu. Alitaka kusema neno, lakini kutoka njiani ikaja hodi ya tatu, ya mwanamke mwenye masizi usoni. Hiyo ilikatizwa na kikohozi kirefu, kikavu, na Twaiba, ndani ya nyumba, alimjua mwenye kikohozi hicho kabla hajafungua mlango.